Mrejesho: unga wa "kumbukumbu" wa elfu 45 dhidi ya sahani ya dagaa ya mama lishe wa Tandika

Umeme umekatika tangu asubuhi, cherehani imelala, kwa hiyo leo nina muda wa kuwapa mrejesho niliowaahidi wateja wangu kila wakinikuta na kile kikopo mezani.

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 51, kisukari kilinikuta 2017. Watu wanadhani ushonaji ni kazi ya mikono. Mikono ni ya mwisho kabisa, kazi yote iko kichwani, unampima mtu bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono, huku anakusimulia habari za mume wake na we unatakiwa zile namba zikae mpaka ufike kwenye daftari. Sasa mwaka jana mwanzoni namba zikaanza kudondoka njiani. Nampima mtu nyonga 44, natembea hatua nne tu mpaka mezani, nikifika naandika 34, na naandika kwa kujiamini kabisa. Kuna mama aliniletea kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wake nikakata hivyo hivyo, gauni lilipoisha halikupita hata magotini. Kitenge nikalipa mimi na harusi sikualikwa tena.

Na sio namba peke yake. Naenda kuchukua bobini nafika pale nasimama kama nguzo, najiuliza nimefuata nini. Jina la mteja wa miaka sita limenitoka. Mtu anaongea nasikia maneno ila maana haiingii, ni kama kuna ukungu wa Lushoto umeshuka ndani ya fuvu. Nikawaza basi tayari, uzee umebisha hodi na mimi ndo nimefungua mlango.

Hapo ndo akatokea binti mmoja mtanashati na begi lake, anazunguka sokoni kibanda hadi kibanda. Akanisikia nalalamika, akatoa kopo. Unga wa kuongeza kumbukumbu na umakini, asilia kabisa, unafaa kwa wenye kisukari, presha, na kila ugonjwa unaoujua. Elfu 45 kopo moja la nusu kilo. Jina la kampuni sitalitaja, sitaki kesi, ila nitasema nilichokiona.

Kwanza ladha. Tamu, tamu ya kustukiza, nikamuuliza mbona tamu hivi akasema ni utamu wa asili wa mimea. Unakoroga vijiko viwili kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi kabla ya kula. Siku tatu za kwanza nikajiona niko fresh kweli, nachangamka, nikawa namsifia yule binti hadi kwa watu. Siku ya nne, nadhani ni Mungu tu, nikaamua kupima sukari saa mbili baada ya kunywa. Nilikuwa nimeamka na 6.9. Mashine ikasoma 13.8. Nikadhani stripu mbovu, nikarudia kidole kingine, 13.6.

Ndo nikachukua miwani nikasoma maandishi ya nyuma ya kopo, yale madogo ya kusomwa na sisimizi. Jamani, viungo kwenye pakiti huwa vinapangwa kwa uzito, kilichotangulia ndo kingi kuliko vyote. Cha kwanza kilikuwa maltodekstrini. Mwanangu akanitafutia kwenye simu, kumbe ni wanga uliosagwasagwa kitaalamu mpaka unapandisha sukari mwilini kwa kasi sawa na glukosi yenyewe. Cha pili sukari. Mlonge na spirulina, aina ya mwani, walikuwa mkiani huko, wamewekwa ili picha ya jani ikae mbele ya kopo. Yaani ule uchangamfu wa siku tatu ulikuwa ni sukari inanipanda kichwani, basi.

Alafu walikuwa wameandika kwa rangi ya dhahabu "B12 ya asili kutoka spirulina". Kumbukeni hii vitamini B12, tutarudi kwake, maana ndo mhusika mkuu wa hadithi na hata binti mwenyewe hakujua anauza nini.

Kwa kopo lenyewe natoa nyota moja. Plastiki nzito, mfuniko unakaza vizuri, saivi naweka vifungo.

Kliniki niliyokuwa naenda mwanzo walikuwa wananipima sukari, wananiandikia dawa, haya mwingine aingie. Siwalaumu sana foleni ni ndefu, ila kila nikisema kichwa hakikai naambiwa ni mawazo, punguza mawazo mama. Nikahamia kwingine, huko nikakutana na sista mmoja mtu mzima, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, metformin unameza tangu lini?" Nikamwambia hiyo dawa yangu ya kisukari nameza tangu 2017, gramu moja asubuhi, moja jioni. "Na omeprazole?" Nikacheka, Dar hii nani hamezi omeprazole, si tunanunua kama pipi.

Akanieleza kwamba metformin ukiimeza miaka mingi inaweza kupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12, na dawa za kupunguza asidi tumboni kama hiyo omeprazole nazo zinachangia hivyo hivyo. Hii sio habari ya kijiweni, 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaandikia madaktari wao kwamba B12 kushuka kwa watu wa metformin ni jambo la kawaida na wapimwe wakionyesha dalili. Na dalili zake ndo hizo, kusahau, uchovu, ulimi kuwasha, ganzi ya miguu. Sasa ganzi ya miguu mwenye kisukari yeyote anaijua, kwa hiyo unaambiwa ni sukari tu, na B12 inaendelea kushuka kimya kimya pembeni.

Nikapima. Hela ilinitoka, ila majibu yakaja 178, na maabara yao chini ya 200 ni upungufu. Nikaandikiwa sindano. Nasema hili mapema kabla sijafika kwenye dagaa ili mtu asije akasema fundi katudanganya: sindano ndo ziliondoa ule ukungu mzito. Wiki ya tatu ya sindano nilikaa nikasikiliza taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho nikaielewa yote, nikajishangaa. Lakini sindano sio za kila siku na tumbo ni la kila siku, na sista akaniambia wazi: B12 iko kwenye vitu vilivyotoka kwa mnyama, samaki, maini, mayai, maziwa, nyama. Mchicha hauna. Mlonge hauna. Na ile ya spirulina sehemu kubwa ni ya bandia kimaumbile, mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Elfu 45 yangu hiyo.

Haya sasa, mama lishe.

Yuko Tandika, nyuma ya wauza mitumba, kibanda cha bati chenye benchi mbili na meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Jina simwandiki, hajaniruhusu. Nimekula kwake zaidi ya miezi sita, mchana wa kila siku ya kazi, kwa hiyo hii sio ripoti ya mtu aliyepita mara moja akapiga picha. Sahani ninayoizungumzia ni dagaa, maharage, mchicha na ugali wa dona, elfu mbili na mia tano, maji ya kunawa na kipande cha ndimu bure.

Dagaa wake ni wa Mwanza, na hapa lazima niseme kitu maana wengi wanawachukia hawa kwa ajili ya mchanga. Wengi bado wanaanikwa chini kwenye mchanga wa ufukweni, sio kosa la dagaa. Wa Kigoma mara nyingi ni wasafi zaidi na watamu ila bei yake ni ya kuuliza mara mbili. Huyu mama anawachambua vichwa asubuhi akiwa amekaa kwenye kigoda, kimoja kimoja, halafu anawaloweka maji ya moto kidogo na hawakorogi. Anawaacha. Mchanga unazama wenyewe, anawainua kwa mikono kutoka juu kama mtu anayeinua mtoto majini, maji anamwaga, anarudia mpaka chini ya beseni kuwe cheupe. Mimi nilikuwa naosha kwa kusugua, ndo maana kwangu kila tonge lilikuwa linalia kra kra. Baada ya hapo anawakaanga na mafuta kidogo mpaka wawe wakavu, kitunguu, nyanya nyingi, pilipili hoho, na ndimu mwishoni moto ukiwa umezimwa.

Dagaa analiwa na mfupa na tumbo lake, kwa hiyo unapata B12, unapata madini ya chokaa, unapata na yale mafuta ya samaki ya omega-3 ambayo ubongo umejengwa nayo kwa sehemu. Na kwa vile ni mdogo na maisha yake mafupi, zebaki hajalimbikiza kama wale samaki wakubwa. Nyota tano, naikata moja kwa sababu ya chumvi. Anatia chumvi huyu mama! Nilimwambia, "Dada, mi nina presha ya pembeni pembeni," akanijibu, "Shoga, dagaa bila chumvi si bora ule majani ya mwembe?" Tukakubaliana ananitolea wangu kabla hajaongeza chumvi ya mwisho. Kama una presha au figo, mwambie kabla, usione aibu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ugali. Siku ya kwanza nilipomwambia niwekee nusu, alisimama na mwiko hewani. "Fundi unaumwa?" Nikasema ndiyo, kisukari. "Sasa nusu ugali bei nzima?" Nikamwambia bei nzima, ila ile nusu nifidie na maharage. Aisee, hapo ndo palipobadilika kila kitu. Maharage yanatoa nguvu polepole, hayarushi sukari juu kama kombora, na yana foleti, vitamini ambayo damu na mishipa ya fahamu inaihitaji. Kisha nikajifunza ujanja mwingine, naanza kula mchicha na dagaa na maharage, ugali namalizia. Chakula kile kile, mpangilio tu. Nikila ugali kwanza mashine ilikuwa inaniambia 11.9 baada ya saa mbili, nikianza na mboga na kitoweo nakaa kwenye nane na kitu. Nimerudia hiyo mara nyingi, stripu zangu zimeisha kwa ajili ya utafiti huu, nawadai shukrani.

Na kwangu mimi uhusiano wa sukari na kichwa umeonekana kwa macho kabisa. Saa tisa mchana ndo saa yangu mbaya, zamani nilikuwa naipita nikiwa nimelala macho wazi mbele ya cherehani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula kama asilimia 20 ya nguvu zote, sasa ukiwa unaupandisha 14 unaushusha 5 unaupandisha tena, utafanyaje hesabu za nyonga? Siku ninazokula vizuri mchana, saa tisa naweza kukata gauni la vipande kumi na mbili bila kurudi kwenye daftari.

Ila kuna upande wa pili ambao wengi hawausemi. Mimi nameza na kidonge kingine, vile vya kundi la glibenklamaidi, na hivyo ukivimeza usipokula, sukari inashuka kweli. Siku moja kulikuwa na kazi ya sare za kwaya, nikaruka mchana, saa kumi nikajikuta nimeshika mkasi nakata kitenge huku maua yakiangalia chini, jasho linanitoka, na msichana wangu wa kazi ananiuliza kitu namjibu vitu havieleweki. Kupima sukari, 3.4. Mama lishe ndo aliyekuja mbio na nusu chupa ya soda, na hakunidai mpaka leo. Kwa hiyo kama unaumwa kisukari na kichwa kimechanganyika ghafla, usianze kuwaza dagaa wala korosho, pima, ikiwa chini weka sukari mdomoni hapo hapo. Kula kwa saa ni sehemu ya kumbukumbu pia, hata kama hakuna anayeliuza kwenye kopo.

Mapungufu ya kibanda nayo niyaseme. Dona haliko kila siku, siku nyingine ni sembe nyeupe na yeye anaapa ni dona. Mafuta ya kukaangia vibua anayarudia, ukiona yamekuwa meusi kama chai ya rangi acha, chukua dagaa. Vibua wenyewe nao wana mafuta mazuri, lakini ukishawazamisha kwenye mafuta ya juzi sijui unapata nini tena, mimi vibua nanunua soko la samaki la Feri asubuhi Jumamosi nachemsha mwenyewe na ukwaju na bamia. Na nzi wapo. Amefunika vyakula vizuri kwa vyandarua vya mezani, lakini wapo, mji huu.

Vingine nilivyojaribu nivipitie haraka. Yai la kuchemsha la mtaani na kachumbari, mia tano, kitu kizuri mno, kiini cha yai kina kolini ambayo mwili unaitumia kutengeneza kemikali ya kumbukumbu, na linakaa tumboni. La kienyeji au la kisasa sikuona tofauti isipokuwa mfukoni. Maini mara moja kwa wiki, yana B12 kibao, mjamzito aulize kliniki kwanza kwa sababu ya vitamini A yake nyingi. Korosho nazipenda ila bei imeshakuwa ya kuzihesabu moja moja, nakula karanga. Karanga ziangalieni, yenye ukungu au uchungu tema, sumukuvu haichezewi, 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, kwa hiyo hata hilo dona uliza mahindi yalikaa wapi.

Kahawa chungu ya jioni ya wazee wa kijiweni inanichangamsha kweli kweli, bila kashata, ila nikinywa baada ya magharibi nakesha, na nikikesha kesho yake dagaa hata ndoo nzima hawasaidii. Uji wa ulezi niliouamini miaka yote ndo ulinisaliti, ukiwa mwepesi na umesagwa laini unapandisha sukari haraka tu, sasa nakunywa kikombe kidogo na yai pembeni.

Kuna jirani yangu wa kibanda cha pili ana ugonjwa wa figo, alitaka kuniiga kila kitu, mchicha, maharage, ndizi. Nikamwambia dada simama hapo hapo. Figo zikichoka potasiamu inajaa kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo, akamuulize daktari wake kwanza. Na mama mwingine hapa anameza warfarin ya kuzuia damu kuganda, naye mboga za majani asizirushe leo sahani tatu kesho sifuri, zinavuruga dawa. Mdogo wangu mwanaye ana selimundu, yule foliki asidi yake anapewa kliniki na hatumbadilishii kwa kisamvu. Chakula changu kinafuata ugonjwa wangu, chako kifuate wako.

Na mtu asiniletee habari kwamba nimesema dagaa wanaponya usahaulifu. Hata wakubwa hawajafika huko. Kuna mlo unaitwa MIND, ulitoka chuo kikuu cha Rush kule Chicago 2015, samaki, maharage, karanga, mboga za majani, kwa kweli ukiutazama ni kama sahani ya huyu mama ukitoa ugali, na mwanzoni ulionekana kuwafaa wazee. Walipokuja kuupima sawasawa, watu 604 kwa miaka mitatu, majibu ya 2023 yakaonyesha waliokula hivyo hawakuwazidi wenzao kwa tofauti ya maana. Miaka mitatu labda ni michache, na lile kundi lingine nalo lilikuwa limepunguza kula, lakini namba ndo hizo. Mimi nilichopata ni sukari iliyotulia, B12 iliyorudi juu, kipimo cha mwisho kilisoma 410, na mchana usio na usingizi. Majina ya wateja bado mengine yananipotea. Naandika kwenye mkono kwa chaki.

Ukitaka kumjaribu mama lishe wangu, fika kabla ya saa saba, ikipita hapo dagaa wameisha utapewa utumbo. Kaa benchi la ndani, la nje lina jua. Sema mapema "ugali nusu, maharage ya kufidia, chumvi ya mwisho usitie", na akikuuliza kama unaumwa mwambie umetumwa na fundi.